Masanduku ya Mbali Yenye Habari za Ziwa Letu

Watu wa Kavimvira hawahitaji kufundishwa kwamba Ziwa Tanganyika lina tabia yake. Tangu mwaka 2020 hata 2024 maji yalipanda mara kwa mara, yakavuka ufuo, yakaingia viwanjani na nyumbani, na jamaa nyingi za mwambao huu wa kaskazini zikabeba mikeka na masufuria yao zikahamia kwa ndugu wakaao juu kidogo. Wakati huo wazee walikumbusha kwamba jambo hili si geni: mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hasa mwaka 1964, ziwa lilipanda sana. Lakini kabla ya hapo je? Babu za babu zetu waliona nini? Hapo wazee wengi hunyamaza, maana kumbukumbu ya mtu ina mpaka wake.

Sehemu kubwa ya jibu imeandikwa kwa wino, nayo imelala ndani ya masanduku ya karatasi ngumu katika maktaba ya chuo kikuu kimoja mjini London. Sehemu nyingine iko Roma. Ndiyo sababu leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu wapenzi, na hasa wanafunzi, habari za vyumba hivyo ambamo vyuo vikuu hutunza maandiko ya pekee, namna vinavyofanya kazi, na ni kitu gani chetu kilichomo.

Maktaba ya kawaida kila mwanafunzi aijua: vitabu vimepangwa rafuni, wengi wana nakala ya kitabu kile kile, na kimoja kikipotea hununuliwa kingine. Chumba tunachokisema ni kingine kabisa. Humo huwekwa vitu ambavyo havina ndugu duniani: barua iliyoandikwa kwa mkono, daftari la safari, ramani iliyochorwa juu ya goti ndani ya mashua, picha ya zamani, hesabu ya fedha za misioni, mswada wa shairi ambao haujapata kuchapwa. Kitu kama hicho kikiungua au kikiliwa na mchwa, hakuna duka liwezalo kukuuzia kingine.

Kwa hiyo sheria za humo ni kali, na mgeni asiyezijua huweza kudhani anadharauliwa. Mfuko na koti huachwa nje. Kalamu ya wino hairuhusiwi, huandikwa kwa penseli tu, maana tone moja la wino laweza kuharibu ukurasa uliodumu miaka 150. Chakula na kinywaji ni mwiko. Msomaji hapewi rafu achague mwenyewe: aandika namba ya sanduku alitakalo, akae mezani, aletewe. Akimaliza la kwanza ndipo aletewe la pili. Karatasi zirudi katika utaratibu ule ule alizozikuta nao, hata kama utaratibu huo hauna maana machoni pake. Watu wengi hufikiri kwamba lazima kuvaa glavu nyeupe. Lakini kwa karatasi za kawaida watunzaji wengi siku hizi hupendelea mikono mitupu iliyonawiwa na kukaushwa vizuri, kwa sababu kidole kilichovikwa nguo hakihisi ukurasa na huupasua upesi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo lasumbua wageni wote. Makaratasi hayo hayapangwi kwa habari iliyomo, bali kwa asili yake: ni nani aliyeandika, na alimwandikia nani. Ukiingia ukaomba sanduku liitwalo «Uvira», pengine utaambiwa kwamba halipo, nawe utarudi nyumbani kwa huzuni. Lakini ukiuliza ni nani walipita Uvira mwaka fulani, na walikuwa watumishi wa chama gani, na barua zao zilipelekwa kwa nani, mlango wafunguka.

Haya, tufanye hivyo kwa ajili ya ziwa letu.

Mwaka 1878 walifika Ujiji wamisionari wa kwanza wa Chama cha Misioni cha London, ambao ni Waprotestanti. Mmoja wao aliitwa Edward Coode Hore. Kabla ya kuwa mmisionari alikuwa baharia, na ubaharia haukumtoka. Alisafiri katika ziwa kwa mashua, akapima, akachora ramani za mwambao, akaandika barua nyingi kwa wakubwa wake. Chama kile kilikuwa na desturi njema ya kutokutupa barua. Makaratasi yake yote ya kale yalipelekwa mwaka 1973 yakatunzwe katika maktaba ya Chuo cha Masomo ya Mashariki na Afrika, kiitwacho kwa kifupi SOAS, ambacho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha London na kilianzishwa mwaka 1916. Humo barua za ziwa letu hazimo chini ya jina la Kongo wala la Tanzania, maana zilipoandikwa nchi hizo hazikuwapo. Zimo chini ya jina «Afrika ya Kati», barua zilizopokelewa, na madaftari ya safari.

Msomaji asishangae kwamba gazeti la Wakatoliki lasifu makaratasi ya Waprotestanti. Zamani zile wamisionari wa pande mbili walitazamana kwa jicho la wivu kando ya maji yale yale. Leo twashukuru kwamba wote walikuwa waandishi.

Basi Hore aliona nini? Hapa yafaa kwanza kueleza namna ziwa linavyoishi. Mito mingi huingia ndani yake, na Ruzizi yetu ni mmoja wa mito hiyo. Lakini mto utokao ni mmoja tu, Lukuga, unaotoka upande wa magharibi mahali penye mji wa Kalemie na kwenda mpaka Lualaba. Hata hivyo maji mengi hayatoki kwa Lukuga. Huvutwa na jua yakaenda hewani. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa hujaa. Na mlango wa Lukuga ukizibwa na matope na majani, hujaa zaidi.

Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika kwenye mlango wa Lukuga akaukuta umesongwa na majani, na maji yakitoka kidogo tu. Mwaka 1876 Stanley naye alipita pale, akasema kwamba haoni maji yakitoka. Tena Stanley aliandika kwamba michikichi aliyoiona mwaka 1871 imesimama katika uwanja wa soko la Ujiji, safari hii aliikuta imesimama majini. Ziwa lilikuwa likipanda na halikuwa na pa kutokea. Hatimaye, karibu na mwaka 1878, maji yalivunja kizuizi. Hore alipokwenda Lukuga mwaka 1879 hakuona tena kinamasi kilichotulia: aliona mto wenye nguvu ukikimbia kuelekea magharibi. Tangu hapo ziwa lilianza kushuka, likaendelea kushuka miaka mingi, hata karibu na mwaka 1894 lilikuwa limepungua kwa kadiri ya mita 10.

Mita 10! Mtu wa Kavimvira asimame katika ufuo alioujua mwaka 2019, atazame juu, akadirie mwenyewe kimo cha nyumba tatu zilizopandana. Hapo ndipo yalipokuwa maji katika siku za mababu. Mashamba na viwanja vingi vya nchi hii tambarare ya Ruzizi vilikuwa chini ya ziwa, nasi tumevijenga kwa kuwa maji yalikuwa yameondoka kabla hatujazaliwa. Hatusemi kwamba ziwa litarudi kule. Wenye elimu ya maji watusaidie kwa hayo, na mjini Uvira kipo kituo cha uchunguzi wa maji ya ziwa, kilichorithi kazi ya taasisi ya uchunguzi ya wakati wa Wabelgiji. Twasema tu kwamba mkuu wa mji apangaye mahali pa kujenga shule, na baba anunuaye kiwanja, wanalo neno la kujifunza katika barua za baharia huyo. Si mambo ya kale yasiyo na faida.

Kuna hoja nyingine iliyoamuliwa katika mwambao wetu wenyewe, nayo yaonyesha kasoro ya masanduku hayo. Wazungu wa karne ya 19 waligombana sana juu ya Ruzizi: je, yaingia ziwani au yatoka? Aliyesema yatoka alitumaini kwamba ndiyo chanzo cha Nili. Mwezi wa Aprili 1858 Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Hawakuweza kufika mtoni, lakini wana wa Sultani Maruta wa Uvira waliwaambia wazi kwamba Ruzizi yaingia. Burton akaandika habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1860. Hata hivyo mabwana wa Ulaya waliendelea kubishana kwa miaka kumi na zaidi, mpaka Livingstone na Stanley walipokwenda kwa mtumbwi mwezi wa Novemba 1871 wakauona mto kwa macho yao. Waliona nini? Waliona kwamba Ruzizi yaingia. Mvuvi ye yote wa Kavimvira angaliwaambia hayo kwa bei ya samaki wawili.

Twacheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha tu. Elimu ilikuwa ya watu wa hapa, na karatasi ilikuwa ya wageni. Kwa hiyo jina la kuvumbua likamfuata mwenye karatasi. Ndivyo ilivyo katika masanduku mengi. Mpagazi, mpiga kasia, mkalimani na mpishi wamo ndani, lakini yapasa kuwatafuta katikati ya mistari, mara nyingi bila jina, au kwa jina lililoandikwa vibaya. Mwanafunzi wa Kiafrika aingiapo katika chumba hicho ana kazi ambayo Mzungu hakuifanya vizuri: kuwatambua watu wake.

Mfano mzuri watoka pwani ya bahari. Katika maktaba ile ile ya London mna mkusanyo mkubwa wa maandiko ya Kiswahili, mengi yakiwa katika hati ya Kiarabu. Sehemu moja yajulikana kwa jina la William Taylor, mmisionari Mwanglikana aliyefanya kazi Mombasa. Humo mna mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi mashuhuri wa Mombasa aliyefariki karibu na mwaka 1840. Lakini ni nani aliyeyakusanya vinywani mwa watu, akayaandika na kuyafafanulia maneno magumu? Ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Bila yeye Taylor angalikuwa na masanduku matupu. Wataalamu wa siku hizi humtaja Mwalimu Sikujua kama ipasavyo. Hata hivyo ubao wa jina umebaki wa mgeni.

Afrika ya Mashariki nayo ina chumba chake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 kama chuo kidogo katika jengo la mjini na kuhamia mlimani mwaka 1964, kina sehemu ya maktaba iliyotengwa kwa mambo ya Afrika ya Mashariki. Mwingereza J.W.T. Allen alizunguka pwani akitafuta miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu majumbani mwa watu, na orodha ya yale yaliyowekwa katika chuo hicho ilichapwa mwaka 1970. Zimo pia karatasi za Hans Cory, aliyeandika kwa wingi juu ya mila na sheria za makabila ya Tanganyika, naye alifariki mwaka 1962. Kwa mtu wa Uvira aliyezoea kuvuka ziwa kwenda Kigoma, chumba hiki ndicho kilicho karibu kupita vyote, na Kiswahili ndicho kitakachompeleka mpaka mezani.

Sasa tugeukie upande wetu, Wakatoliki. Kardinali Lavigerie aliwaamuru Mababa Weupe kwamba kila kituo kiwe na daftari la kila siku, na mapadre waandike humo mambo yote: mvua, homa, wageni, njaa, watoto waliokombolewa utumwani, mazungumzo na wakubwa wa nchi. Mapadre hao walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879, na mwaka ule ule wakaanza kituo cha Rumonge, ng'ambo ya ziwa katika Burundi. Huko tarehe 4 Mei 1881 waliuawa Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao d'Hoop. Mwaka 1883 kilianzishwa kituo cha Kibanga, upande wetu wa magharibi, karibu na rasi ya Ubwari. Madaftari ya namna hiyo hutunzwa katika nyumba kuu ya shirika lao huko Roma. Si ya chuo kikuu, lakini wenye vyuo vikuu huyaendea kama nyuki waendavyo kwenye maua, maana hakuna mwandishi mwingine aliyekaa mahali pamoja mwambaoni hapa siku baada ya siku katika miaka ile.

Huenda msomaji atasema: kama vitu vyetu viko salama kule ng'ambo, si heri vikae kule? Twajibu kwamba hakuna mahali palipo salama kabisa. Chuo Kikuu cha Leuven katika Ubelgiji kilianzishwa mwaka 1425 kwa idhini ya Papa Martino V, na maktaba yake ilikuwa fahari ya Wakatoliki wa Ulaya. Mwezi wa Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yaliichoma moto. Vitabu zaidi ya 200,000 viliteketea pamoja na miswada ya mamia ya miaka ambayo haikuwa na nakala. Dunia ikawahurumia, ikachanga fedha na vitabu, jengo jipya zuri likasimama. Mwezi wa Mei 1940 vita vikarudi, na maktaba ikaungua mara ya pili. Safari hii vitabu vilivyopotea vilikaribia 900,000. Hayo yalitokea katikati ya Ulaya, katika nchi yenye wazima moto na kuta za mawe. Mji huo haukukata tamaa: tangu mwaka 1976 chuo kikuu chake kina nyumba maalumu iitwayo KADOC, inayotunza makaratasi ya maisha ya Wakatoliki, pamoja na ya mashirika mengi yaliyotuma wamisionari Kongo.

Dawa ya moto ni nakala. Kwa hiyo sisi twaonelea hivi: ugomvi wa kurudisha karatasi za asili ni mrefu, tena katika mambo mengine una haki, lakini nakala zisingoje mwisho wa ugomvi. Siku hizi ukurasa waweza kupigwa picha London asubuhi ukasomwa Uvira kabla ya jua kutua. Kazi hiyo imekwisha kufanyika kwa karatasi ngumu kuliko zote. Mwaka 1871 Livingstone alipokuwa Nyangwe, huko Maniema, aliishiwa karatasi na wino. Akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la Kiingereza, akikatiza maandishi yaliyochapwa, kwa wino aliojitengenezea kwa rangi ya mmea wa huko. Wino ule ukafifia hata kurasa nyingi zikawa hazisomeki. Humo ndimo alimoandika, akiwa shahidi aliyeona, habari za tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo watu wenye bunduki waliushambulia mkutano wa soko la Nyangwe, na mamia ya watu, wengi wao wanawake, wakafa kwa risasi au kwa kuzama katika Lualaba.

Wataalamu walipiga picha kurasa hizo kwa mianga ya rangi mbalimbali, mmoja baada ya mwingine, hata ukapatikana mwanga ulioonyesha wino wa mmea na kuficha wino wa gazeti. Mwaka 2011 maneno yakatolewa kwa watu wote katika intaneti, kwa msaada wa maktaba ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, na hakuna anayedaiwa fedha kuyasoma. Ilionekana pia kwamba daftari la shambani na kitabu kilichochapwa mwaka 1874 havisemi sawasawa kila mahali. Kitabu kilikuwa kimesafishwa, na daftari halikupata nafasi ya kujipamba. Twamshauri mwalimu wa historia awafundishe wanafunzi wake jambo hilo kwa mfano huu, badala ya kulieleza kwa maneno matupu.

Tusidhani tena kwamba hazina ni karatasi za wakubwa tu. Katika mwaka 1965 mtu mmoja wa Lubumbashi aitwaye André Yav aliandika kijitabu juu ya mji wao, uliokuwa ukiitwa Elisabethville. Alikiandika kwa niaba ya watu waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu: mabowi, wapishi, wafuaji. Aliandika kwa Kiswahili cha Katanga, kile kile cha kila siku, asichokipaka rangi ya shule. Kilipigwa kwa mashine ya chapa, kikaenea kwa nakala chache tu. Laiti nakala hizo zote zingalifungiwa karanga sokoni, tungalikosa kabisa historia ya mji mkubwa wa Kongo iliyosimuliwa na wale waliobeba sinia. Lakini nakala moja ilimfikia mtaalamu Johannes Fabian, naye mwaka 1990 akaitoa katika kitabu, Kiswahili chake pamoja na tafsiri. Hata sasa yaweza kusomwa katika mkusanyo wa Kiswahili cha watu uliowekwa katika intaneti na watu wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Maprofesa wa nchi nyingi husoma maneno ya boi wa Lubumbashi kwa makini.

Hapo twafika nyumbani. Je, katika parokia na katika jamaa za mwambao huu tuna nini cha namna hiyo?

Kwanza tuna vitabu vya parokia. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, yaamuru kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya wafu, iwe na mahali pa kuhifadhia karatasi, tena vitabu vya zamani vilindwe kwa bidii. Katika kitabu cha ubatizo haliandikwi jina la mtoto peke yake. Pembeni huongezwa kipaimara chake, ndoa yake, upadre au nadhiri zake. Mstari mmoja hufuata maisha ya mtu mzima. Kitabu kikipotea, Kanisa halimwachi mtu bila msaada: kanuni ya 876 yasema kwamba ushuhuda wa mtu mmoja asiyetiliwa shaka watosha kuthibitisha ubatizo, au kiapo cha mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Hivyo sakramenti yaweza kuthibitishwa. Lakini majina ya wazazi, kijiji walichotoka, msimamizi, tarehe, hayo hayarudi kwa kiapo. Na usiku ule wa Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika ikabeba nyumba na watu wa Uvira, kila mtu aliyeona tope lile aweza kukadiria daftari lingedumu dakika ngapi ndani yake.

Faida ya karatasi zilizotunzwa tuliiona kwa macho yetu tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo alipowatangaza Wenye Heri mashahidi wanne waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964: Padre Luigi Carrara, Padre Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin, wa shirika la Wasaveriani, pamoja na Abbé Albert Joubert. Jimbo la Uvira lilikuwa na umri wa miaka miwili tu siku walipomwaga damu. Watu wengi huona sherehe, hawaoni kazi iliyotangulia. Kanisa halimtangazi mtu Mwenye Heri kwa sifa za mdomo peke yake. Mashahidi huhojiwa na maneno yao huandikwa. Wataalamu wa historia na wa nyaraka hutumwa kutafuta kila barua, kila andiko, kila habari ya siku ile, hata zile ziwezazo kumpinga. Miaka 60 ilipita kati ya kifo chao na sherehe. Wengi waliowaona wakiuawa walikuwa wamekwisha kufa, na palipokosekana sauti ilibaki karatasi. Abbé Albert mwenyewe alikuwa mtoto wa Kapteni Joubert, askari Mfaransa aliyekuja kulinda watu wa ziwa na wateka watumwa, na mama yake Agnesi Atakaye alikuwa mwanamke wa nchi hii. Ndani ya jamaa moja mmekutana historia nzima ya mwambao, toka siku za Kibanga mpaka siku za maasi.

Nyumbani nako kuna hazina ndogo: cheti cha shule cha babu, kadi ya kazi ya baba aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha pamba au cha sukari, barua kutoka Bujumbura au Kalemie, daftari la kwaya lenye nyimbo zilizotungwa na mwalimu wa zamani, picha ya komunyo ya kwanza. Vingi vya vitu hivyo huharibiwa na upendo kuliko na uadui. Mama huvitia ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa sana, navyo huota ukungu kwa unyevu wa ziwa. Mtoto mwema hubandika picha kwa utepe wa gundi, na baada ya miaka kumi gundi yageuka kahawia na kula karatasi. Bahasha safi ya karatasi ndani ya sanduku la bati yafaa zaidi, sanduku likiwa juu ya rafu wala si sakafuni. Pini na sindano za chuma ziondolewe, maana hupata kutu.

Na maji yakiingia? Daftari lililolowa lisianikwe juani, maana karatasi itajikunja na wino utapauka. Wala kurasa zilizogandamana zisitenganishwe kwa nguvu. Lisimamishwe kivulini penye upepo, kurasa zikifunguka kidogo kama pepeo. Katikati ya kurasa chache chache huwekwa karatasi nyeupe isiyo na maandishi, nayo hubadilishwa kila inyonyapo maji. Kazi hiyo ianze siku ile ile, kwa sababu katika joto letu ukungu huanza kuota baada ya siku mbili. Likikauka, kila ukurasa upigwe picha kwa simu mchana, karibu na dirisha, na picha hizo zikae mahali pawili palipo mbalimbali: moja kwa mwenye daftari, na nyingine kwa ndugu aliye mji mwingine.

Mwanafunzi atakaye kuuliza habari katika mojawapo ya nyumba tulizozitaja aandike barua fupi. Ataje mwaka, mahali, na jina la mtu au la shirika, maana tumekwisha kuona kwamba ndivyo masanduku yalivyopangwa. Na mahali apataje kwa majina yote yaliyopata kutumika, kwa kuwa Wazungu wa zamani waliandika «Rusizi» ambapo sisi twaandika Ruzizi. Aombe nakala ya kurasa chache, si ya sanduku zima. Na wakati angojapo jibu achukue penseli laini aende kwa bibi yake na zile picha za zamani, aandike nyuma ya kila moja, pole pole bila kukandamiza, majina ya watu wote ambao bibi bado anawatambua.